UZI: Kichwa cha nguruwe cha kugandisha, vile unakitengeneza nyumbani hapa Nairobi

JikoUthiru
Wasee, kwa ule uzi wa mutura (ule utumbo wa kujazwa nyama na damu) nilitaja kichwa cha kugandisha na tangu siku hiyo inboksi imejaa, wacha niandike yote hapa, mwenye swali aulize hapa hapa kila mtu asome.

Kazi yenyewe ni hivi. Unachemsha kichwa pole pole mpaka nyama iachane na mfupa, unaikatakata, unairudishia supu yake, unaiacha ilale kwa friji. Asubuhi imeshikana, unakata slesi unakula baridi na mkate. Hakuna jelatini ya duka, hakuna unga, hakuna yai. Waingereza wanaiita brawn, Wajerumani wako na Sülze, Poland ni salceson, Warusi wako na kholodets na kule Vietnam wanakula yao sana sana wakati wa mwaka mpya wa Tet. Lakini mtu asiniambie ati hiki ni chakula cha wazungu. Kama umewahi kuacha supu ya kichwa kwa sufuria usiku wa Julai ukaikuta asubuhi imesimama kijiko kinakwama, hiyo ndio yenyewe, ni vile tu uliipasha ukaikunywa.

Kichwa mimi hutoa Ndumbuini, kile kichinjio cha nguruwe huko Kabete, ama unaongea na mwenye bucha ya nguruwe mtaani kwenu akuekee, umwambie mapema juu watu wa supu huchukua vichwa asubuhi kabla hujaamka. Mwambie akipasue katikati na msumeno, atoe macho na ubongo. Alafu chukua na miguu miwili. Miguu usiache, nitaeleza kwa nini.

Nafika sehemu ya kuosha jioni, saa hii niko kazini.

msee_wa_mutura
Boss umeanza vizuri alafu ukatuacha na kichwa mkononi 😂

roho_safi
Mi naogopa tu ile kuangaliana na yeye kwa sinki. Meno yote yako nje yanakuchekelea.

JikoUthiru
@roho_safi ndio maana unasema kipasuliwe bucha, ukikipata nusu nusu hofu inaisha yenyewe.

Haya, kuosha. Hapa ndio watu wengi huharibu, wanasuuza na maji ya bomba mara moja wanaeka kwa moto, alafu wanashangaa harufu. Nywele za nguruwe zinabaki kwa kope, kwa mikunjo ya shingo na kwa pua. Ukinyoa na wembe peke yake unyoya unabaki ndani ya ngozi na utausikia kwa ulimi, kwa hivyo kwanza pitisha moto wa gesi mpaka ngozi ianze kubadilika rangi, ndio ukwaruze na kisu ukiwa umekilaza, utaona kile kitu cheusi kinatoka kama uji. Sikio likunje nje ndani. Kule chini kabisa kuna nta na mikunjo midogo, tia chumvi ya mawe, sugua na kidole, suuza, rudia mpaka maji yatoke meupe, na ile sehemu ya chini kabisa ikikataa kutakata ikate utupe, ni kipande kidogo tu hutakikosa. Matundu ya pua vile vile. Ulimi sugua tu, ngozi yake tutatoa ukishaiva.

Ukimaliza kiloweke kwa maji ya chumvi usiku mzima ndani ya friji, gramu 60 kwa kila lita ya maji. Kama una siku mbili eka siku mbili. Chumvi inaingia mpaka kwa mfupa na damu iliyobaki inatoka. Kuna ile chumvi ya viwanda yenye naitraiti, ndio hufanya hem ikae pinki. Mimi siweki, yangu hutoka kijivu na hakuna mtu amewahi kurudisha sahani. Naitraiti ikizidi ni sumu, kama huna mizani ya kupima gramu achana nayo kabisa.

mama_kinoo
Asante sana, hiyo ya moto kwanza ndio wembe sikuwa najua. Sasa kupika ni saa ngapi? Nilisoma mahali ati saa tatu (masaa matatu) inatosha na yangu masaa matatu ilikuwa bado ngumu kabisa sikio linaruka kwa meno.

JikoUthiru
Mama, huyo aliandika akiwa pwani ama Ulaya. Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwa nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Ndio maana hata maharagwe hapa yanasumbua kuliko Mombasa. Kwa hivyo ongeza. Mimi hukaa kati ya masaa manne na matano na siangalii saa, nashika mfupa wa taya nauvuta, ukitoka bila kubishana basi, ukibisha bado.

Mwanzo kabisa eka kichwa na miguu kwa maji baridi, chemsha dakika kumi, mwaga hayo maji yote, osha nyama na uoshe sufuria pia. Ile povu ya kijivu yote imeenda. Alafu anza upya, maji yafunike nyama tu, yasizidi. Kitunguu kizima, karoti, saumu, kipande cha tangawizi, pilipili manga nzima na karafuu mbili tatu. Karafuu usijifanye tajiri, zikizidi itanuka kama dawa ya meno. Moto uwe mdogo, yaani unaona kiputo kimoja hapa, kingine pale. Ikitokota kwa fujo mafuta yanachanganyika na maji, supu inakuwa nyeupe ya maziwa na haitarudi kuwa safi tena.

bucha254
Masaa matano gesi ya nani? Mimi natia presha kuka, saa moja na nusu nimemaliza, mfupa unatoka wenyewe.

JikoUthiru
@bucha254 kwa miguu nakubali, presha iko sawa kabisa. Kwa kichwa tatizo ni sikio na ngozi zinaiva haraka kuliko shavu, ukifungua unakuta sikio limekuwa uji na shavu ndio limefika. Uzuri wa hii kitu ni ukikata slesi unapata laini, unapata ya kuvuta, unapata ile gegedu inalia kidogo kwa jino. Presha inakupa vyote sawa. Alafu supu yake huwa na ukungu. Kama ni gesi inakuuma tumia jiko la makaa, funika makaa na jivu kidogo, uendelee na kazi zako.

bucha254
Ukungu haunisumbui, kwani nitaisoma gazeti kupitia hiyo jeli? Wateja wangu wanataka nyama. Lakini ya sikio uko na pointi, nitakuwa natoa masikio mapema.

BintiMvita
Hamjambo nyote. Samahanini naingilia, sisi nguruwe hatuli lakini nimesoma hadi hapa na mate yananitoka. Je, yawezekana kwa kichwa cha mbuzi au cha ng'ombe? Nyumbani Mombasa makongoro twapika, ile supu yake ikilala huganda pia. Niko South C, kichwa cha mbuzi nitakipata wapi ambacho kimechinjwa kihalali?

JikoUthiru
Dada hujambo, karibu sana. Inawezekana na wala hubadilishi njia. Kinachogandisha ni ile kolajeni ya ngozi, mishipa na viungo, ikipikwa muda mrefu inageuka jelatini, na mnyama yeyote anayo. Ndio maana nilisema miguu usiache, kichwa peke yake kina nyama nyingi lakini miguu ndio inashika. Makongoro yana ya kutosha na kubaki. Kwa mbuzi enda Kiamaiko asubuhi, wanachinja hapo siku nzima na vichwa vinababuliwa hapo hapo, ila chagua kilichobabuliwa kwa kuni ama gesi. Ukisikia harufu ya tairi kwa ngozi rudisha, haitoki hata ukiloweka wiki.

Kitu moja tu cha kuangalia. Mafuta ya mbuzi yanagandia mdomoni. Ya nguruwe yakiwa baridi bado ni laini, ya mbuzi yanakuwa nta kwa kaakaa. Kwa hivyo supu ikiwa tayari iache ilale usiku peke yake kwa friji, asubuhi toa mafuta yote juu, ndio uipashe na uchanganye na nyama. Kwa ng'ombe usibebe kichwa kizima, utapika wapi? Chukua mashavu na ulimi, alafu makongoro mawili.

BintiMvita
Ahsante kaka, Mungu akubariki. Nitaweka ndimu na pilipili mbichi badala ya siki.

MkaguziMstaafu
Vijana hamjambo. Nimefanya ukaguzi wa nyama miaka mingi kabla ya kustaafu, nataka kuongeza mambo machache, msinikasirikie.

La kwanza, nunua kichwa kilichotoka kichinjio chenye mkaguzi. Ukiona kimekatwa mashavuni au chini ya taya usimlaumu mwenye bucha ati kakupa kilichoharibika, hiyo ni kazi yetu, tunatafuta tegu kwenye misuli na uvimbe kwenye tezi. Kile kisicho na mkato wowote, kilichochinjwa nyuma ya nyumba ya mtu, ndicho cha kuogopa. Ukiona vifuko vidogo vyeupe ndani ya nyama ya shavu au ulimi, hata uambiwe nini, usinunue. Kupika kwa muda huo mnaosema kunaua tegu, lakini bado usinunue. Zile tezi za chini ya taya, vinyama vya kijivu au vya rangi ya udongo, toeni mtupe wakati wa kukatakata.

La pili ndilo hatari zaidi na hakuna aliyelitaja. Chakula hiki kinaliwa baridi, hakipashwi tena. Kikipoa pole pole mezani usiku kucha, bakteria wanapata shamba. Tenga nyama, chuja supu, weka sufuria ndani ya beseni ya maji baridi, badilisha maji, na ndani ya masaa mawili iwe imeingia kwenye friji. Na kuna bakteria anaitwa listeria ambaye hata baridi ya friji haimzuii kukua. Afrika Kusini mwaka 2017 hadi 2018 walipata mlipuko uliotokana na polony (soseji nene ya kukata slesi), watu zaidi ya 200 walifariki, wakiwemo watoto wachanga wengi. Kwa hiyo mama mjamzito, mzee kama mimi, mtu mwenye kinga dhaifu, ale supu yake ya moto. Wengine maliza ndani ya siku tatu nne.

msee_wa_mutura
Mzee shikamoo. Na ile homa ya nguruwe tunasikia kila mwaka, si inakaa kwa kichwa pia?

MkaguziMstaafu
Marahaba kijana. Homa ya nguruwe ya Afrika haimpati binadamu. Iliandikwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya, na Montgomery, mwaka 1921, na kwa miaka yote hiyo hajapatikana mtu aliyeugua. Lakini inaua nguruwe wote wa zizi, na virusi vyake hukaa kwenye nyama mbichi muda mrefu. Kama unafuga au jirani anafuga, maji uliyolowekea kichwa na vipande ulivyotupa usiwape nguruwe. Fukia.

JikoUthiru
Mzee asante sana, hiyo ya jirani mimi binafsi nilikuwa sijawahi hata kuifikiria na huku kwetu kila ploti ina nguruwe wawili.

Niendelee kutoka kwa kukata. Toa nyama ikiwa bado ya moto lakini mkono unastahimili, ikipoa kabisa inashikamana na utapigana nayo. Ulimi uchune ngozi saa hiyo, inatoka soksi nzima, ukichelewa inakataa. Ulimi na shavu kata vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Sikio kata nyembamba sana. Ngozi nayo katakata ndogo, usitupe, lakini usijaze ngozi tupu maana itakuwa mpira. Ile ngozi ngumu ya kaakaa yenye mistari tupa. Pitisha vidole kwa nyama yote, kuna vimifupa vidogo na jino moja siku zote hujificha.

Supu ichuje na kitambaa safi, toa mafuta juu, uirudishe kwa moto ipungue. Kabla hujachanganya, mimina kijiko moja kwa kisosa, eka friza dakika tano. Ikishika ukiguza inatingika, uko sawa. Ikiwa bado maji, punguza zaidi. Hapa ndio unaonja chumvi pia na hapa lazima uwe jasiri, juu chakula baridi ulimi hausikii chumvi vizuri, ikiwa moto inafaa ikukere kidogo. Siki vijiko viwili vitatu, hiyo ndio inakata mafuta. Pilipili manga ya kusaga, kungumanga kidogo, dania na saumu mbichi ukipenda.

Chombo, mimi hutumia ule mkebe wa mafuta ya Kimbo wa kilo. Tandika karatasi ya plastiki ndani, jaza nyama, mimina supu iliyopoa kidogo mpaka ifunike tu, funika na sahani inayoingia ndani ya mkebe na juu ya sahani pakiti ya unga ya kilo 2. Inalala na huo mzigo usiku wote.

kaka_pipeline
Wakubwa sisi wa bedsita bila friji je? Usiku huu wa Julai dirisha langu linaganda lenyewe, si naeza eka hapo

JikoUthiru
Kuganda itaganda, jelatini inashika ikiwa chini ya nyuzi 15 hivi na Julai usiku tunafika hapo. Lakini saa nne asubuhi jua likiingia hapo mtaani kwenu Pipeline itarudi kuwa supu na nyama yako imekaa joto. Sikushauri. Eka kwa friji ya jirani umkatie slesi.

MkaguziMstaafu
Naunga mkono. Bila friji kunywa supu.

kaka_pipeline
Haya mzee. Jirani mwenye friji ndio yule tunagombana naye juu ya maji lakini kwa hii kitu nitamsalimia 😅

mama_kinoo
Nimerudi, na nimekasirika. Nimefuata kila kitu, taya imetoka, kisosa kiliganda vizuri kabisa nikashangilia. Nikamimina, nimeamka asubuhi ni maji. Maji! Mzee wangu ananiuliza kama hii ndio ile supu ya elfu. Shida ni nini jamani?

JikoUthiru
Pole mama. Kisosa kiliganda alafu mkebe ukakataa, hiyo ni kitu iliingia baadaye. Uliongeza nini?

mama_kinoo
Siki, dania, saumu vile ulisema. Na nanasi. Niliona hem na nanasi kwa harusi ya mtoto wa dadangu nikasema wacha nitie vipande juu zipendeze.

JikoUthiru
Nanasi ndio hiyo! Nanasi mbichi ina kimeng'enya kinakatakata jelatini, vile vile papai, ndio ile ile watu hutumia kulainisha nyama ngumu. Ya mkebe haina shida juu imeshapikwa kiwandani. Yako inaokoka, usimwage. Toa nanasi zote, chemsha upya itokote kabisa ili hicho kimeng'enya kife, lakini jelatini iliyokatwa hairudi, kwa hivyo nunua miguu mingine miwili, ichemshe pembeni mpaka supu yake iwe nzito, changanya na nyama yako, jaribu kisosa tena. Nyama yenyewe iko salama kama ilikaa kwa friji usiku wote.

bucha254
Na miguu utapikia presha kuka mama, usingoje masaa matano 😎

mama_kinoo
Presha kuka ninayo. Asanteni, nitaleta majibu.

roho_safi
Mimi nimefanikiwa jana, nusu kichwa tu na mguu moja. Nimekata na kisu cha moto naona ule ulimi umekaa katikati mzunguko na dania kijani pembeni, nikapiga picha kabla ya kula. Lakini kuna kitu, niliweka slesi mbili juu ya ugali moto nikaenda kuchukua kachumbari, kurudi nimekuta ni mchuzi.

JikoUthiru
😂😂 Jelatini inayeyuka kwa joto la mwili, ndio maana inaisha mdomoni vizuri hivyo. Ugali haitawezekana kamwe. Kula na mkate, ama viazi vya kuchemsha vilivyopoa, kachumbari yenye ndimu nyingi na haradali kama unayo. Ama ukubali ni mchuzi, si mbaya pia. Na kisu kiwe kikali tu na kilowe maji baridi, cha moto kinayeyusha kingo.

msee_wa_mutura
Ugali na mchuzi wa bahati, napenda. Swali la mwisho boss, naweza eka friza nibakishe ya krismasi?

JikoUthiru
Usigandishe ikiwa tayari, ikiyeyuka inalia maji na jeli inakuwa chengachenga. Gandisha kichwa kibichi kilichooshwa, alafu wiki ya krismasi ukitoe upike. Na supu ikizidi eka hiyo kwa friza, tia kwa maharagwe ama githeri, vijiko vichache tu mchuzi unakuwa mzito bila kukaangia. Yale mafuta uliyotoa juu pia usimwage, hasa ya nguruwe, kaangia sukuma.

mama_kinoo
Imeshika!! Miguu miwili, presha kuka, hakuna nanasi. Mzee amekula slesi nne amesimama hapo kwa friji na mlango umefunguliwa, nimemwambia stima ni ya nani.